Damu ya Muzee Mbuyi Inapanda

Bunia, 20 Januari 2024

Élise, mama yangu, wewe uliyebeba jina la mama aliyenizaa,

Leo asubuhi muuguzi amenitoa damu chupa mbili, na Ushindi, dereva anayezipeleka Kampala, amekubali kuweka barua hii kando ya glasiere yake ya barafu. Basi kila damu yangu itakapokuja huko itakuja na maneno. Usiniambie tena habari za simu. Masikio yangu yalibaki Mongbwalu kwenye baruti za machimbo, na meseji zangu sitaki zisomwe na jirani kwa sauti kama tangazo la redio.

Vidonge vya daktari wako wa Kampala nakunywa. Vinaniharisha, tena vimeniondolea ladha ya chakula. Juzi nilikula sombe, majani yetu ya muhogo, nikadhani natafuna kitambaa. Kikohozi kipo, lakini ni kikohozi cha mtu aliyechimba wolo, hii dhahabu yetu, miaka thelathini, halafu akakaa mezani kuinunua kwa wengine. Uliponitafsiria mwezi wa Desemba kwamba ni kidonda ndani ya pafu kwa sababu ya vumbi, nilikubali mara moja. Vumbi lile tunajuana. Kilichonishangaza ni yule daktari. Aliongea Kiingereza muda mrefu, akaonyesha picha ya kifua changu, akaandika, wewe ukatoka jasho, halafu ukanitafsiria maneno matatu. Kweli Kiingereza ni lugha ya kupoteza muda.

Sasa nina swali. Kidonda kiko kifuani, mbona wanachoma mkono? Damu inahusu nini na pafu? Uliza, na uniandikie namba watakayopata. Mimi ni mtu wa mizani, bila namba silali vizuri.

Nyumba iko kimya tangu mama yako alipotutoka. Rachidi, mnunuzi mwenzangu wa wolo, anakuja kila siku baada ya sala ya alasiri, tunacheza dama, ananishinda kwa wizi.

Baba yako,
Mbuyi


Kampala, 4 Februari 2024

Papa,

Ushindi alifika salama na damu ilikuwa bado baridi. Barua yako nimeisoma mara nyingi, imenichekesha.

Umeuliza damu inahusu nini na pafu. Daktari anasema kidonda cha namna hiyo kinaacha alama ndani ya damu, na alama hiyo inapimika. Kwa mtu wa umri wako, tena aliyevuta sigara, alama kidogo inaweza kuonekana hata bila kidonda. Kwa hiyo namba moja peke yake haimwambii mengi. Anachotazama ni namba zinaelekea wapi.

Ya Desemba ilikuwa kumi na moja. Hii ya sasa ni kumi na tisa.

Amesema uendelee na vidonge, na utolewe damu tena mwezi wa tatu. Papa, sigara acha kabisa, hata ile moja ya jioni unayofikiri siijui. Na umwambie yule mama anayekufulia asiache kuja, nitakuwa namtumia chochote.

Barua hii nimeiandika mara mbili. Ya kwanza ilikuwa ndefu zaidi, nimeona haina maana.

Binti yako,
Élise


Bunia, 12 Machi 2024

Élise, mama,

Kumi na tisa! Kutoka kumi na moja! Unaniandikia habari kama hiyo katikati ya ukurasa, bila hata kupiga mstari chini yake? Ungekuwa mnunuzi wa wolo ungekufa njaa.

Nilimwonyesha Rachidi. Akavaa miwani, akasoma namba, akaanza kutingisha kichwa kama aliye mezani kwake sokoni. Akasema: "Muzee Mbuyi, damu yako iko inasafika. Kumi na moja ni wolo ya kuchanganya na shaba, haina muteja. Kumi na tisa, ile miye naweza kununua. Acha ifike makumi mbili na ine, utaniona nakuja na mizani." Nilimwambia damu si wolo. Akanijibu kwamba kitu chochote kinachoingia labo kinapimwa usafi, watu wapime nini kingine? Na wewe mwenyewe umeandika daktari anatazama zinaelekea wapi. Mama, zinaelekea juu!

Tangu siku hiyo nakohoa kwa furaha. Nimeanza tena kuvaa viatu vya ngozi. Naenda mpaka sokoni kwa miguu, napumzika njiani, lakini nafika. Huko kuna mama mmoja anauza fretin, vile vidagaa vikavu, anaitwa Dorothée Kaswera, Munande kwa kabila, mjane, familia yake ilihamia hapa kutoka Butembo wakati wa vita. Ana ulimi wa pilipili. Mara ya kwanza aliniambia: "Papa, unasimama hapa kila siku na haununue. Hii samaki si sinema." Nikanunua. Sasa mbele ya nyumba paka wote wa mtaa wananijua.

Juzi aliniletea uji nyumbani, bila kuombwa. Sikuambii zaidi, wewe ni mtoto.

Baba yako,
Mbuyi


Kampala, 27 Machi 2024

Papa,

Namba ya safari hii ni thelathini na nne.

Tafadhali Rachidi asiwe daktari wako. Mheshimu kwa dama, lakini damu haipimwi kama wolo. Nikija Bunia tutakaa chini, nitakueleza kila kitu vizuri, mambo haya karatasi haiyawezi. Ningekuja mwezi huu, lakini Ushindi ananiambia barabara ya Iga Barrière hailali salama, na dukani ninapouza nimeachwa peke yangu.

Kula hata kama hakuna ladha. Ukiona damu kwenye kikohozi, usinifiche.

Nimefurahi kusikia kuna mtu anakuletea uji. Huyo Mama Dorothée ana umri gani? Afya yake ni nzuri? Ana watoto wadogo wanaomhitaji? Nauliza tu, Papa.

Binti yako,
Élise


Bunia, 21 Mei 2024

Élise, mama,

Thelathini na nne imemmaliza Rachidi. Wolo safi kuliko zote inaishia ishirini na nne, sasa damu ya Mbuyi imepita juu ya dari. Amewaza siku nzima, mwisho akasema labda Waganda wana mizani yao. Wewe unasema haipimwi hivyo. Sawa, sitabishana na mtoto niliyemsomesha. Lakini hukuniambia inapimwaje.

Sasa kaa. Nimemwomba Mama Dorothée anioe, maana ukiangalia vizuri ni yeye atakayeoa: ana nyumba yake mtaa wa Sukisa, ana meza yake sokoni, mimi nina kifua tu. Hakucheka. Alifuta mikono kwenye kitenge akaniambia maneno ambayo nakuandikia jinsi alivyoyasema: "Muzee, sikiliza. Bwana yangu wa kwanza alikatwa muguu, nikamuosha miaka ine. Kumuosha, kumugeuza, kufua mashuka, mupaka akakufa mu mikono yangu. Nilisha kuapa mbele ya Mungu, sitaosha tena mwanaume mugonjwa. Kama weye iko muzima, leta karatasi. Kama weye iko mugonjwa, sema leo, tutabaki marafiki, nitakuleteaka uji."

Nilimjibu kwamba karatasi ninayo, tena ya Kampala.

Pastor Delphin, mchungaji wa Dorothée, naye anataka vipimo. Kanisani kwao hakuna ndoa bila vipimo vya damu, hata kwa mzee wa miaka sabini na tatu. Ameapa kwamba hata babu yake angefufuka angempeleka labo. Vya hapa tumefanya wote wawili, virusi na vingine, vyote vizuri. Zimebaki hizi namba zetu. Barua yako haitoshi, anataka karatasi ya labo yenyewe, yenye muhuri. Mpe Ushindi atakaporudi.

Nina furaha, mama. Sikufikiri ingenipata tena, na naona aibu kidogo kuiandika.

Baba yako,
Mbuyi


Kampala, 6 Juni 2024

Papa,

Nimeweka karatasi ya labo ndani ya bahasha hii. Imeandikwa Kiingereza. Namba ni tisini na mbili, na kando yake kuna mshale.

Nakuomba jambo moja, na sijawahi kukuomba kitu kwa nguvu hivi. Kabla ya kutangaza ndoa, ipeleke karatasi hii kwa daktari wa hospitali, aisome mbele yako na mbele ya Mama Dorothée, wote wawili mmekaa. Pastor siyo wa kuisoma, wala Rachidi. Daktari. Muulize mshale unamaanisha nini.

Akishasikia, kama bado anakutaka, mimi nitamwita mama.

Binti yako,
Élise


Bunia, 30 Julai 2024

Élise, mama,

Nakuandikia nikiwa mume wa mtu.

Usikasirike, daktari tulimfuata. Mara ya kwanza waganga wa hospitali walikuwa kwenye mgomo. Mara ya pili tulikaa kwenye benchi mpaka Dorothée akasema samaki wake wanaoza. Pastor Delphin alikuwa ameshatangaza tarehe. Akaichukua ile karatasi, akaigeuza huku na huku, akaona muhuri, akaona mshale. "Mushale iko inaenda juu," akasema, "Mungu asifiwe," akaiweka kwenye faili na kupiga muhuri wake juu ya wa Waganda. Dorothée aliitazama yeye pia. Aliniuliza, "Juu ni muzuri?" Nikamwambia binti yangu anafuata kila namba, kama kungekuwa na ubaya angeniambia. Akaridhika. Anasema mtoto wa kike hawezi kumdanganya baba.

Ilikuwa Jumamosi. Nilivaa suti ya ndoa yako, imekuwa pana, Rachidi akaikunja nyuma kwa pini. Yeye mwenyewe alikaa benchi la mbele na kofia yake ya msikiti, akapiga makofi kuliko Wakristo. Ungemwona Dorothée! Nyumba yake ya Sukisa amepangisha, na meza ya sokoni amemwachia dada yake Annie, anayekaa kijijini Marabo na kuja siku za soko, ili awe na mimi mchana wote. Nilimwambia asiharakishe, akasema, nikiingia naingia na miguu miwili.

Mgongo unaniuma, nafikiri ni kucheza. Muuguzi hakunitoa damu mwezi huu, Ushindi anasema barabara imefungwa tena na anayevuka haijulikani atatokea wapi. Barua hii itangoja.

Baba yako,
Mbuyi


Bunia, 10 Novemba 2024

Élise,

Mimi ni Dorothée, mke wa baba yako. Ningekupigia simu, lakini kwenye simu ungelia na mimi ningelazimika kukutuliza. Kwenye karatasi utasoma mpaka mwisho.

Mgongo aliokuandikia haukuwa wa kucheza. Mwezi wa nane alianza kulala amekaa. Mwezi wa tisa alitema damu kwenye kitambaa akakificha chini ya godoro, nikakikuta nikifagia. Wiki iliyopita miguu ilikataa. Tulimbeba kwa pikipiki, mimi nyuma nimemshika, mpaka hospitali, na safari hii daktari alikuwepo. Nilimpa ile karatasi yako yenye mihuri miwili. Aliisoma nikiwa nimesimama. Akaniuliza ni nani aliyeniambia kwamba kupanda ni kuzuri. Akanieleza kwamba hiyo ni alama ya kansa ya pafu, na kwamba alama inavyopanda ndivyo kansa inavyokula. Baba yako alikuwa kitandani anatutazama midomo. Akaniuliza daktari amesema nini. Nikamwambia amesema upumzike.

Sasa nijibu. Ulijua?

Nilimwambia baba yako kwa mdomo wangu kwamba kama ni mgonjwa aseme, nitabaki rafiki. Sikuweka mtego, niliacha mlango wazi. Yeye hakuwa na la kusema kwa sababu hakulijua. Wewe ulilijua. Uliweka karatasi ndani ya bahasha ukatutuma kwa daktari, sisi wawili kama watoto, ili mtu mwingine aseme ulichoshindwa. Na nyumba yangu ina mpangaji, na meza yangu ina Annie.

Leo nimemwosha. Aliona aibu, akageuza uso ukutani, akaniomba msamaha kwa kunichafulia mikono. Unajua nilichofikiri nikimfuta mgongo? Nilifikiri huyu binti hakunyamaza kwa woga tu. Alitafuta mtu wa kazi hii.

Kama nimekukosea, andika.

Dorothée Kaswera


Kampala, 24 Novemba 2024

Mama Dorothée,

Hukunikosea.

Nilijua tangu Desemba ya mwaka jana. Daktari alisema yote mbele yake, kwa Kiingereza, na mimi nikamtafsiria vumbi. Kwetu mgonjwa mzee haambiwi, familia ndiyo inaambiwa, na familia ni mimi. Niliandika namba kama zilivyo kwa sababu sikuweza kumwandikia za uongo. Aliponijibu kwamba zinapanda kama wolo, nilichukua kalamu pale pale dukani. Nilianza kumrekebisha. Nilianza mara nyingi. Lakini alikuwa amevaa viatu, alikuwa anaenda sokoni, alikuwa anacheka. Sikupata mkono wa kumvua viatu vile.

Na hili jingine uliloliona, ni kweli pia. Mimi ni mtoto wake pekee, tena mwanamke. Kwetu binti kuona uchi wa baba yake ni mwiko usio na dawa. Hata akiwa maiti wananitoa nje. Daktari alipomaliza kuongea, kabla sijafikiri kifo nilifikiri siku atakaposhindwa kwenda chooni, na nani atamwosha. Mama amekufa, kaka sina, ndugu zake wote wako mbali, Kasai. Alipoandika kwamba kuna mama anamletea uji, nikamuuliza afya yako kabla ya jina la kijiji chako. Nilijua ninachouliza.

Niliposoma kwamba uliapa mbele ya Mungu, nilitaka kusimamisha. Nikatuma karatasi. Nilijiambia daktari ataisoma, utakimbia, na mimi nitakuwa nimesema bila kusema. Uliponaswa, nitakuambia ukweli kwa sababu unaustahili: nililia, halafu usiku ule nililala vizuri, mara ya kwanza tangu Desemba.

Nyumba ya Sukisa nitamlipa mpangaji atoke. Ukiondoka sitakulaumu.

Élise


Bunia, 5 Desemba 2024

Élise mama,

Samahani kwa mwandiko. Naandika nimelala.

Dorothée ameondoka. Alipata barua, akaisoma nje, akaingia akanikatia kucha za mikono na za miguu, akafunga nguo zake, akaenda Marabo kwa Annie. Namuuliza Rachidi nimekosa nini, naye hajui. Labda ni hizi siku mbili tatu za udhaifu. Yeye anaogopa wagonjwa, aliniambia tangu mwanzo, na mimi nimelala kama mgonjwa, basi ameanza kunifikiria vibaya. Sina haki ya kumlaumu. Lakini nyumba imekuwa kubwa, mama, na siwezi kuizoea kwa mara ya pili.

Nimemwomba muuguzi aje hapa kitandani, amenitoa damu. Ilitoka kwa shida. Uniandikie namba haraka. Iandike juu kabisa, kwanza namba, salamu baadaye. Ikiwa imepanda, nitamtuma Rachidi Marabo akamwambie ninayo karatasi mpya, naye atarudi, maana ni mwanamke wa neno lake. Ikiwa imeshuka nitanyamaza.

Rachidi anajaribu kuniosha. Anafumba macho na kusoma dua, maji yote yanaenda kwenye godoro.

Mbuyi


Kampala, 17 Desemba 2024

Mia nne na kumi.

Papa, namba ikipanda ni mbaya. Tangu mwanzo ilikuwa mbaya. Kidonda cha pafu lako ni kansa, na namba ni alama yake ndani ya damu, na vidonge havikuweza kuizuia hata siku moja. Daktari wa Kampala aliniambia Desemba ile ile, ulipokuwa umekaa kando yangu, na mimi nikakutafsiria vumbi. Namba sikukudanganya hata moja. Nilikudanganya kwa kunyamaza, mwaka mzima.

Mama Dorothée hajaondoka kwa sababu ya udhaifu wako. Ameondoka kwa sababu yangu. Hukumkosea kitu chochote. Ulimwonyesha karatasi kwa moyo safi, na wewe ulikuwa umefichwa kama yeye.

Ningetaka kuyasema haya nikiwa nimeshika mkono wako. Nilikuwa na mwaka wa kuja, na kila mara nilipata barabara ya kusingizia. Sasa nitakuja, kwa njia ya Mahagi au kwa boti ya ziwani. Ningojee, Papa. Nitukane nikifika, nitasikia.

Élise


Bunia, 6 Januari 2025

Élise,

Barua yako Ushindi aliifikisha siku chache baada ya Noeli. Baba yako aliiweka chini ya mto akakataa ifunguliwe. Alisema itafunguliwa mbele ya mke wake. Rachidi akaja Marabo. Mzee wa watu alisimama mlangoni kwa Annie, hakukaa, hakunywa maji. "Mama," akaniambia, "miye ni rafiki, haiko muke. Nimejaribu. Muzee iko ananuka, na iko anajua kama ananuka." Halafu akalia, na Annie akaanza kunikunjia nguo bila kuniuliza.

Nilikuta kitanda kile unachokijua na mtu nisiyemjua ndani yake. Mifupa na macho. Alinicheka, akasema nimenenepa huko Marabo. Akaingiza mkono chini ya mto, mkono ukashindwa kutoka na bahasha, nikaitoa mimi. Akasema, soma, macho yangu hayaoni tena mbali wala karibu. Rachidi alikuwa mlangoni. Nikaweka mdomo kwenye sikio lake.

Nikasoma: mia nne na kumi.

Nilikuwa nimeuona mstari wa pili. Macho yalishafika pale kabla ya mdomo. Nilikuja na hasira ya kumwambia ukweli, Élise, nataka ujue hivyo. Njia nzima kutoka Marabo nilijiambia kwamba mtu huyu hatakufa amedanganywa, mimi siyo binti yake. Lakini aliposikia namba alifumba macho, uso wote ukatulia, akatafuta mkono wangu juu ya shuka. Akasema kwa sauti ndogo, "Unaona, Dorothée? Sikukudanganya." Halafu akaniuliza kama nitabaki.

Nikasema nitabaki. Nikamwambia yaliyofuata ni salamu tu, zako na za wanao. Barua nimeichoma jikoni na sufuria ya maji yake ya kuoga juu.

Kwa hiyo sasa tuko wawili. Ulichomfanyia mwaka mzima mimi nimefanya kwa pumzi moja, na sina tena njia ya kukuchukia kama nilivyotaka. Usinishukuru. Wala usiniite mama, bado sijui kama nitaweza kuitika.

Amelala tangu jana, anaamka kidogo, anataja mia nne na kumi, anarudi kulala. Daktari amesema tusimsumbue na hospitali. Namwosha asubuhi na jioni. Yeye haoni aibu tena, anafikiri namwogesha mtu atakayepona.

Ukija, leta mashuka ya rangi nzito. Haya meupe yanaonyesha damu, na kila nikibadilisha anauliza damu hii ni ya nani.

Dorothée